Ngojamaliko: Ndege Anayekesha Kando ya Maji

SOMO LA FAMILIA
(Kabla ya somo, someni pamoja nyumbani Zaburi ya 102 na Zaburi ya 104:19-24.)



Tunawasalimu nyote mnaoishi katika makazi haya: ninyi mliotoka Mocímboa da Praia, Palma, Nangade, Muidumbe na Macomia, pamoja na sisi tuliotoka Awasse. Katika toleo hili tumeacha kidogo mfululizo wa masomo yetu ili tujibu swali ambalo wazazi wengi wametuuliza. Swali lenyewe ni hili: ile sauti inayotoka bondeni jua likizama, "kwok! kwok!", ni sauti ya nini?

Tunajua kwa nini swali hili ni zito. Kwa watu wengine usiku ni wakati wa kulala tu. Kwetu sisi usiku una historia. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, wengi wetu tumelala porini, tumetembea gizani tukiwaziba watoto midomo, tumesikiliza kila jani linalotikisika. Awasse yetu ipo kwenye njia panda, pale barabara ya Mueda inapokutana na ile inayotoka Macomia, kama kilomita 40 kabla ya kufika Mocímboa. Kila aliyetaka kupita alipita kwetu, mwema na mbaya. Kituo cha umeme cha Awasse kiliharibiwa mwaka 2020, na wilaya kadhaa za kaskazini zikakaa gizani kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtoto akisikia usiku sauti asiyoijua, anashtuka na kumng'ang'ania mama yake. Na mama naye, tuseme kweli, anashtuka.

Wengine wamesema ni bundi aletaye habari za msiba. Wengine wamesema ni watu wanaoitana kwa ishara. Vijana fulani wameshauri matete ya bondeni yachomwe moto ili sauti hiyo iishe. Ndugu zangu, kabla hatujawasha kiberiti, na tumjue kwanza mwenye sauti.

1. NI NDEGE GANI?

Si bundi, wala si mtu. Ni ndege wa jamii ya korongo na yangeyange, ambaye vitabu vya Kiswahili vinamwita ngojamaliko. Urefu wake ni kama sentimita 60 kutoka mdomo hadi mkia. Ni mnene kuliko yangeyange, miguu yake ni mifupi, na akitulia huikunja shingo mpaka mtu adhani hana shingo kabisa. Amekaa kama mzee aliyejifunika shuka wakati wa baridi.

Ndege aliyekomaa ni rahisi kumtambua. Utosi na mgongo ni mweusi, mabawa ni ya kijivu, tumbo ni jeupe, na macho yake ni mekundu. Kisogoni ana manyoya mawili au matatu marefu meupe yanayoning'inia mgongoni. Lakini mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Ni wa rangi ya udongo mwenye madoa meupe, na itampasa kungoja kama miaka miwili au mitatu kabla ya kuvaa mavazi ya wakubwa. Kwa hiyo mkiona bondeni ndege wawili wasiofanana, mmoja mweusi na kijivu na mwingine wa madoadoa, msidhani ni makabila mawili. Huenda ni baba na mwana.

Ndege huyu hapatikani kwetu tu. Yuko Afrika, Ulaya, Asia, na Amerika zote mbili. Wengine wanaozaliwa Ulaya husafiri hadi Afrika kila mwaka kukimbia baridi, kisha hurudi kwao kuzaa. Hapa Msumbiji yuko pia ndugu yake, ngojamaliko wa mgongo mweupe. Huyo ni mwenye haya zaidi, hupenda mito yenye miti iliyoinama juu ya maji, na hujitenga. Lakini anayetupigia kelele jioni ni yule wa kwanza, maana ndiye anayependa kukaa kwa makundi na kuita akiwa angani.

2. JINA LAKE LINASEMA NINI?

Watu wa pwani wanajua neno diko, ambalo wengine hulitamka liko, na wingi wake ni maliko. Ni mahali ambapo vyombo hufika na kushusha watu na mizigo, iwe pwani au ukingoni mwa mto. Si bandari yenye gati. Ni ufuko tu ambapo mashua huegeshwa. Basi jina ngojamaliko linasomeka kana kwamba ni "yule anayengoja penye maliko".

Sisi tunawajua wanaongoja penye maliko. Mocímboa da Praia ilipoangukia mikononi mwa washambuliaji mwezi Agosti 2020, na vita vikaenea katika visiwa na vijiji vya pwani, watu walikimbilia majini. Mwezi Oktoba mwaka huo maelfu walifika kwa mashua na majahazi katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba. Waliotangulia kufika hawakuondoka ufukoni. Walikaa mchangani mchana na usiku wakitazama baharini, wakihesabu kila tanga, wakiuliza kila nahodha: umemwona fulani? Baadhi walipokea watu wao. Wengine hawakupokea, kwa maana mwishoni mwa Oktoba chombo kilichojaa wakimbizi kilizama kati ya kisiwa cha Ibo na kisiwa cha Matemo, na watu wengi walipotea.

Kwa hiyo jina la ndege huyu si geni kwetu. Sisi wenyewe tumekuwa wangoja maliko.

3. KAZI YAKE YA USIKU

Hebu tuangalie anavyoishi. Mchana hulala kwenye mti wenye majani mengi, au katika mikoko, au ndani ya matete. Jua likishuka, yangeyange wanarudi kutoka mashambani kwenda kulala. Saa hiyo hiyo ngojamaliko anaamka. Hutoka mmoja mmoja au kwa makundi madogo, na wakiruka hutoa ile sauti inayowashtua watoto. Jina la sauti hiyo kwa lugha rahisi ni: "Tunakwenda kazini."

Ni kama kiwanda chenye zamu mbili. Bonde ni moja, samaki ni wale wale, vyura ni wale wale. Kama ndege wote wangevua mchana, wangegombana. Kwa hiyo jamii hii imegawana saa, mmoja mchana na mwingine usiku. Zaburi ya 104 inaeleza utaratibu huu: Mungu hufanya giza, wanyama wa mwituni hutoka kutafuta chakula chao, jua likichomoza hurudi, na mwanadamu hutoka kwenda kazini mwake mpaka jioni. Katika mpango huo usiku haukutolewa kwa shetani. Usiku nao umewekwa na Mungu, na umepewa wenyeji wake.

Ngojamaliko akifika majini hana haraka. Husimama kwenye ukingo au juu ya tawi lililo karibu na maji, shingo imekunjwa, hatikisiki. Macho yake makubwa yanakusanya hata mwanga mdogo wa nyota. Anaweza kusimama hivyo kwa muda mrefu mpaka anayempita adhani ni kisiki. Kisha samaki anakaribia, na shingo ile iliyokunjwa inafyatuka kama mshale. Chakula chake ni samaki, vyura, kaa, wadudu, na hata panya wadogo na makinda ya ndege wengine.

Tafadhali angalieni neno hili: anangoja, lakini halali. Mwili umetulia, macho yanafanya kazi. Anayemwona kwa mbali atasema ni mvivu. Anayemjua atasema yuko kazini.

4. KIOTA CHAKE

Wakati wa kuzaa, ndege hawa hukusanyika wengi katika mti mmoja au katika matete, mara nyingi pamoja na yangeyange na ndege wengine wa majini. Dume huleta vijiti, jike huvipanga. Jike hutaga mayai matatu au manne, au zaidi kidogo, ya rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani. Wote wawili huyaatamia kwa zamu, kwa muda wa majuma matatu na zaidi. Makinda yakifikia kama mwezi mmoja huanza kupanda panda matawini, na yakifikia majuma sita hivi huweza kuruka.

Kuna mambo mawili hapa ambayo yametugusa sana.

La kwanza, ndege huyu wa usiku akiwa na makinda, huvua hata mchana. Watoto wanalia, usiku mmoja hautoshi, basi anavunja desturi yake. Ni akina mama wangapi hapa makazini ambao hawakuwahi kuuza kuni wala kulima kibarua, na sasa wanafanya hivyo? Ni akina baba wangapi waliokuwa wavuvi, na leo wanafyatua matofali? Hili si jambo la kuonea aibu. Mzazi hubadili saa zake kwa ajili ya mtoto.

La pili, wataalamu waliowachunguza ndege hawa wameona kwamba mzazi haelekei kutofautisha makinda yake na makinda ya kiota cha jirani. Kinda lililopotea likiingia kiotani mwake, hulifunika kwa mabawa pamoja na wengine. Hatujui moyoni mwa ndege kuna nini, na hatutaki kumfanya mtakatifu, kwa maana huyu huyu hula makinda ya ndege wengine. Lakini jambo lenyewe liko mbele ya macho yetu. Katika makazi haya kuna watoto waliotengana na wazazi wao njiani. Katika nyumba nyingi, ukihesabu sahani, utakuta zimezidi idadi ya watoto waliozaliwa hapo. Mama anayegawa uji huo bila kuuliza huyu ni wa nani, hahitaji hotuba. Anahitaji sisi wengine tumpelekee unga.

5. NDEGE WA MAHAMENI: ZABURI YA 102

Sasa tuje kwenye Maandiko. Zaburi ya 102 ni sala ya mtu aliyeteswa. Katika mstari wa 6 na wa 7 mtu huyo anajilinganisha na ndege watatu. Mmoja ni wa jangwani, mwingine ni wa mahameni, na wa tatu ni yule aliye peke yake juu ya paa, asiyepata usingizi. Biblia zetu za Kiswahili zimezoea kumwita yule wa mahameni bundi, na kwa Kiebrania ndivyo anavyoelekea kuwa.

Lakini Wayahudi walipoitafsiri Zaburi kwa Kiyunani, kabla ya Kristo kuzaliwa, walitumia hapo neno nyktikoraks. Maana yake ni "kunguru wa usiku". Na mahali anapokaa ndege huyo walipataja kwa neno lenye maana ya kiwanja cha nyumba, yaani mahali palipobaki baada ya nyumba kubomoka. Karne nyingi baadaye, mwaka 1758, mtaalamu Linnaeus wa Uswidi alipowapa ndege majina ya kitaalamu, alilichukua neno hilo hilo la Kiyunani akampa ngojamaliko. Mpaka leo wataalamu wa dunia nzima humwita Nycticorax nycticorax. Hatusemi kwamba mtunga zaburi alimwona ngojamaliko. Tunasema tu kwamba ndege wa bondeni kwetu amevaa jina lililotoka katika sala ya mtu aliyepoteza nyumba.

Mahame! Neno hili mwenye kijiji hulisoma haraka na kupita. Sisi tunalisoma polepole. Mahame ni mahali palipohamwa. Ni mwembe uliobaki na uwanja usio na mtu wa kuufagia, ni mafiga matatu katikati ya majani. Awasse ilirudishwa mikononi mwa majeshi ya Msumbiji na Rwanda mwishoni mwa Julai 2021, na Mocímboa da Praia ikafuata tarehe 8 Agosti 2021. Waliotangulia kurudi walikuta mahame.

Sasa tazameni zaburi hii inavyokwenda. Haianzi kwa kusema "msilie". Mtu huyu analia mpaka anasahau kula. Hapati usingizi. Anasema wazi kwamba siku zake zinakwisha kama moshi. Lakini maneno hayo yote anamwambia Mungu, hazungumzi na ukuta. Katika mstari wa 14 anasema kwamba watumishi wa Mungu wanayapenda hata mawe ya mji ule uliobomoka, na kuyaonea huruma mavumbi yake. Katika mstari wa 17 anasema Mungu huiangalia sala ya mtu asiye na kitu. Kisha, mstari wa 18, anataka haya yaandikwe kwa ajili ya kizazi kitakachokuja. Na mstari wa mwisho unawataja watoto: kwamba wao watakaa, nao wataimarishwa.

Basi ndege wa mahameni si ndege wa laana. Ni mwenye kuomba. Mtu aliyelinganishwa naye hakufukuzwa katika Maandiko kwa sababu ya huzuni yake. Amepewa sura nzima.

6. KUNGOJA KWETU

Swali kubwa katika kila nyumba ni moja: turudi, au tubaki? Wengine wamekwisha kurudi. Wengine wamerudi, wakakimbia tena. Wengine wameapa kutorudi. Sisi wachungaji hatuna mamlaka ya kumwamuru mtu arudi, wala ya kumzuia. Mwenye familia ndiye anayejua amezika nani huko na ana nani hapa.

Lakini tunaweza kusema jambo moja tulilojifunza kwa ngojamaliko. Kuna kungoja kwa aina mbili. Kuna kungoja kwa kulala, ambako mtu anasema, "Mpaka nirudi kwetu ndipo nitaishi." Huyu hapandi hata mchicha, kwa kuwa ardhi si yake. Hampeleki mtoto shule, kwa kuwa shule si ya kwao. Miaka inapita, na mtoto aliyekuja akibebwa mgongoni sasa ana ndevu.

Na kuna kungoja kwa macho wazi. Ngojamaliko amesimama, lakini anajua samaki yuko wapi. Bonde likikauka hang'ang'anii. Huhama akatafuta maji mengine. Anayengoja hivi hupanda mchicha, hupeleka mtoto shule, hutunza cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki mahali pakavu, huuliza habari za nyumbani kwa watu waliokwenda na kuona, wala hafuati uvumi wa sokoni. Siku ya kuondoka ikifika, yuko tayari. Na ikichelewa, miaka yake haikupotea bure.

7. MAMBO YA KUFANYA

Tunawaomba wote, na hasa vijana, mzingatie haya:

(a) Msichome matete. Moto hauchagui. Utaunguza makinda, utaunguza majani ya kuezekea tunayoyahitaji sote, na upepo ukigeuka utafika kwenye nyumba zetu za nyasi.

(b) Msikate mti wenye viota wakati makinda bado hayajaruka.

(c) Msivue kwa utupa wala kwa chandarua. Utupa unaua wakubwa na wadogo pamoja, na chandarua kinazoa hata samaki wachanga. Chandarua tulipewa ili tuwalaze watoto ndani yake, malaria isiwachukue.

(d) Watoto wasiende bondeni peke yao jioni. Ngojamaliko hana madhara kwao, lakini maji yana mamba na hewa ina mbu.

(e) Mkiona ndege aliyekufa bila sababu, msimguse wala kumla. Mwambieni mhudumu wa afya.

(f) Mtoto akishtuka usiku kwa sauti ile, msimwambie "nyamaza". Mwambieni jina: "Ni ngojamaliko, anakwenda kazini." Jioni moja kabla giza halijaingia, mpelekeni watu wazima wawili pamoja naye ukingoni, amwone kwa macho yake akitoka mtini. Hofu ya kitu kisicho na jina ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Katika usiku wetu kuna sauti nyingi ambazo hatuwezi kuzieleza. Hii moja tunaweza, basi tusimnyime mtoto.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni sauti gani za usiku zinazowaogopesha watoto wetu? Ni zipi tunazoweza kuwaeleza?

2. Tangu tuhame, baba, mama au bibi amebadili kazi gani kwa ajili ya watoto? Je, tumemshukuru?

3. Yuko nani katika safu yetu ya nyumba anayelea mtoto asiye wake? Juma hili tutampelekea nini?

4. Someni tena Zaburi ya 102:14. Ni kitu gani cha kijijini kwenu, hata kama ni jiwe au mti, ambacho bado mnakipenda? Waambieni watoto habari zake.

5. Katika kungoja kwetu, ni wapi tumelala, na ni wapi tuko macho?

Usiku huu mkisikia "kwok" bondeni, kumbukeni kwamba zamu ya mwenzetu imeanza na ya kwetu imekwisha. Ombeni pamoja, zimeni moto vizuri, funikeni watoto. Mungu awape usingizi mwema.